Meli Inayotazamana na Zahanati

Ilikuwepo nchi moja, na hakuna aliyesikia kwamba imehama, ambayo haikuwa na bahari hata ya kunawia uso, lakini ilikuwa na Wizara ya Meli. Mtu wa huko akitaka kufika baharini ilimbidi apite nchi nyingine mbili, na zote mbili zilikuwa zimenuniana na yake. Basi Mheshimiwa Kiongozi, ambaye hakupenda kabisa kusikia kwamba kuna kitu wenzake wanacho na yeye hana, akatangaza katika mwaka wa tatu wa utawala wake kwamba bahari si maji. Bahari ni msimamo. Wananchi wakapiga makofi, na wiki iliyofuata malori yakaanza kuleta meli, vipande vipande.

Meli zilikuwa tatu. Zilisimamishwa juu ya matofali, zikapakwa rangi nyeupe, kila moja ikapewa honi, bendera na nahodha aliyeapa kwa kitabu. Nyuma ya kila meli likajengwa banda refu la mabati, ndani wakamwaga mchanga, wakasimika minazi ya plastiki na kuachia kuku waliopakwa rangi ya kijani. Hicho ndicho kilikuwa kisiwa. Mtumishi yeyote aliyestaafu bila doa alipewa, yeye na mwenzi wake, mapumziko ya siku kumi na nne: siku tatu za kwenda, nane za kukaa kisiwani, tatu za kurudi. Ilikuwa haki yake. Aliyeikataa haki yake aliitwa mahali akaulizwe kwa nini, na kuulizwa huko kulikuwa kunachukua muda mrefu kuliko likizo yenyewe.

Waliopanda walishuka wakisema bahari ilikuwa nzuri. Wote, bila kumkosa mmoja.

Sasa katika nchi hiyo alikuwepo Mzee Kondo, Mtumishi wa Mawimbi Daraja la Kwanza. Kazi yake ilikuwa kusimama chini ya meli iitwayo Shukrani, kwenye uwanja wa zamani wa mpira, na kumwaga maji ya chumvi kwenye madirisha. Huhesabu moja mpaka saba, halafu humwaga. Madirisha ya chini kwa kopo, ya juu kwa ndoo, na siku za dhoruba kwa ndoo mbili. Miaka ishirini na sita. Alikuwa na namna yake ya kukunja kiganja mwishoni ili maji yafunguke kama khanga inayokung'utwa, na vijana wa meli nyingine walikuwa wakija kumtazama, wakijaribu kumwiga, wakijimwagia wenyewe.

Yeye ndiye aliyeandika Kanuni Kumi na Mbili za Watumishi wa Mawimbi. Kanuni ya Nne ilisema: wimbi haligeuki nyuma. Maana yake mtumishi akiwa kazini asigeuze shingo, hata nyuma yake pakiungua. Lakini iliyompa jina ni ya Saba. Mwaka mmoja bwana ardhi mstaafu, akiwa abiria, aliegemea dirishani akaiona nyumba yake mwenyewe ng'ambo ya barabara, na mbuzi wake wanakula nguo kwenye kamba. Akaanza kupiga kioo na kuonyesha kidole. Watumishi wengine walizubaa. Kondo hakuzubaa. Alimmwagia ndoo mbili, kisha mbili nyingine, bila kuhesabu, mpaka yule bwana akachoka akakaa chini. Wizara ikampa Kondo medali na redio, na kanuni ikaandikwa: abiria akipiga dirisha, mwaga mara mbili, usipumzike mpaka aache.

Watumishi wa Mawimbi walikuwa wameapa kutosema kazi yao nyumbani. Kondo alikuwa mtu wa kiapo. Kila jioni alirudi na suruali iliyolowa chumvi, na mkewe, Bi. Zamoyoni, alimpokea mlangoni na beseni.

"Bahari ilikuwaje leo, baba Hawa?"

"Imechafuka kidogo, mama Hawa."

"Pole."

Basi. Hawa, binti yao wa pekee, alishaolewa mbali, wakabaki wawili, na maneno hayo yakawa kama salamu ya nyumba.

Bi. Zamoyoni alikuwa na pumu. Ikimshika vibaya, pampu yake ya mfukoni haikutosha. Alipelekwa mbio zahanati, na zahanati, bahati nzuri, ilikuwa imetazamana na meli Shukrani, ng'ambo ya barabara. Pale alikuwepo Nesi Mwasiti na mashine ya mvuke, ya zamani, inayonguruma kama paka. Dakika kumi za mashine ile na pumzi inarudi, Bi. Zamoyoni anafunga khanga yake na kuuliza bei ya machungwa mlangoni. Ilitokea hivyo kila masika, mara tatu, mara nne. Bila mashine, Nesi Mwasiti alimwambia Kondo waziwazi, huyu hamalizi saa moja.

Kondo akastaafu. Barua ya mapumziko ikaja, na nakala ya kitabu kiitwacho *Jinsi ya Kuchagua Meli Inayokufaa*, maana sheria ilimtaka mwananchi achague mwenyewe, kwa hiari yake, kabla ya saa sita mchana.

Pale wizarani alipokewa na Bi. Stamili, Mshauri wa Uchaguzi wa Meli.

"Mzee wangu, wewe ni mtu wa bahari. Mimi nikushauri nini?"

"Nishauri kama unavyowashauri wengine, mwanangu. Nisije nikapendelewa."

Bi. Stamili akafungua kitabu akasoma kwa sauti ya matangazo. "Abiria anayependa samaki wakubwa achague Ushindi. Ni meli inayopita kwenye nyangumi. Atawasikia kwa harufu."

Kondo aliijua harufu ile. Ushindi ilikuwa imesimama nyuma ya machinjio.

"Anayependa hadhi achague Mlezi. Ina barafu, ina muziki, na ina daktari wake."

Hapo Kondo akasogea mbele ya kiti. "Daktari gani?"

"Daktari Shomvi."

"Shomvi yule aliyekuwa anapiga tarumbeta bendi ya polisi?"

Bi. Stamili alikifunga kitabu kidogo, akakifungua tena. "Alipiga vizuri sana," alisema. "Ndiyo maana alipandishwa cheo."

"Na Shukrani?"

"Shukrani ni ya watu wa kawaida, mzee. Haina daktari wala barafu. Wewe una medali, nakupa Mlezi bila barua ya mtu. Mama atakaa meza moja na shangazi wa Waziri."

"Nipe Shukrani. Chumba namba nne, upande wa kushoto."

"Unachagua mpaka upande?"

"Napenda upepo wa huko."

Bi. Stamili akaandika: sababu ya uchaguzi, upepo.

Kondo alitoka pale kifua mbele. Aliona amewazidi ujanja wote, wizara na kitabu chake. Upande wa kushoto wa Shukrani ndio uliotazama zahanati. Alikuwa amepima kwa miguu yake mwenyewe, kurudia mara mbili: kutoka ngazi ya meli mpaka mlango wa Nesi Mwasiti ni hatua mia mbili. Katikati pana barabara moja na muuza machungwa mmoja. Siku kumi na nne za kuila haki yake, na mke wake hatua mia mbili kutoka kwenye pumzi. Ni nani mwingine nchini angechagua vizuri hivyo?

Kosa lake lilikuwa dogo. Alipima umbali kama mtu aliye nje ya meli.

Siku ya safari pakawa na bendi. Pakawa na watoto wa shule wa kulia, maana wizara ilitaka kila meli iagwe kwa machozi. Kwa agizo la serikali, kila mpita njia aliyeiona meli ilimpasa aipungie mkono wa kwaheri, kwa sababu meli ni kitu kinachoondoka. Watu wa mtaa ule walikuwa wamepunga miaka na miaka, asubuhi wakienda sokoni na mchana wakirudi, wengine bila hata kukatisha maneno yao.

Penye ngazi alisimama mkaguzi na kapu.

"Hiki nini, mama?"

"Pampu yangu ya pumu, baba."

"Baharini hewa ni safi. Ukivuta hii, wenzako watadhani hewa ya Serikali haitoshi."

Ikaingia kapuni, juu ya miwani ya mtu na bakora tatu. Bi. Zamoyoni akamtazama mumewe. Kondo akambana mkono. "Usijali," alisema chini kwa chini. "Nimepanga."

Ngazi ikavutwa. Honi ikalia. Nahodha Dihenga akapanda juu ya sanduku. Zamani Dihenga alikuwa dereva wa lori lililoleta vipande vya Shukrani, na kwa hiyo ndiye mtu pekee aliyewahi kuifanya meli ile itembee, unahodha alistahili.

"Ndugu abiria," alisema, "tangu dakika hii nchi kavu ni historia. Mbele yetu ni maji, nyuma yetu ni maji, na juu yetu ni uongozi thabiti. Wapo maadui wanaosema meli hii haiendi. Nawauliza: kama haiendi, mbona hatujawahi kugongana na chochote? Meli inayosimama hugongwa. Sisi hatujagongwa. Nendeni mkapumzike, na asiyepumzika jina lake nitalipata."

Makofi.

Chumba namba nne kilikuwa na kitanda, kiti na dirisha la duara lisilofunguka. Bi. Zamoyoni alikaa kitandani na khanga zake mbili, akalitazama dirisha. Maji yakapiga, yakafunguka, yakateremka. Akatazama tena. Yakapiga tena. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

"Huyu anahesabu mpaka nane," alisema mwishoni.

"Nani?"

"Anayemwaga. Wewe ulikuwa unahesabu mpaka saba. Hata usingizini ulikuwa unahesabu."

Kondo akakaa kwenye kiti. Akatazama mlango, kisha akatazama miguu yake.

"Nimezifua suruali zako miaka ishirini na sita, baba Hawa. Bahari gani inaacha udongo mwekundu kwenye pindo?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa unarudi umenyooka, mtu mwenye kazi yake. Na kila nikienda kwa Mwasiti nilikuwa nakuona pale chini na ndoo. Nilikuwa nakupungia. Ulikuwa hugeuki."

"Kanuni ya Nne."

"Nikajua tu itakuwa kanuni."

Maji yakapiga.

"Sasa kama ulijua," Kondo alisema, "mbona umekuja? Ungesema unaumwa, tungetafuta cheti."

"Nilitaka kuiona kazi yako kwa ndani." Akasogea dirishani, akaweka kiganja kwenye kioo. "Ni nzuri. Kwa ndani ni nzuri. Hapo mwanzo, mara moja tu, niliamini."

Hakuna waziri aliyewahi kumpa Mzee Kondo maneno kama hayo, na redio ile ilishaharibika mwaka uleule.

Kesho yake saa nne asubuhi kengele ililia ya kutapika.

Hii nayo ilikuwa na asili yake. Siku Mheshimiwa Kiongozi alipoizindua Shukrani alikuwa ameanza kunywa tangu alfajiri, na katikati ya hotuba akainama akatapika kwenye sitaha mbele ya mabalozi. Gazeti likaandika kwamba ni wachache mno walioumbwa na bahari ndani ya damu hata wakaisikia kwa kiasi kile. Tangu hapo abiria wote walipandishwa sitahani saa nne, wakashika ukuta wa meli, wakatapika. Aliyeshindwa alitoa sauti. Nahodha alipita nyuma yao na utepe wa buluu, akimtafuta abiria bora wa siku.

Asubuhi hiyo sitaha ilikuwa imepakwa rangi upya. Harufu yake ilikuwa kali, ya kukwaruza koo. Kondo aliisikia kabla hawajamaliza ngazi ya mwisho, akageuka kumrudisha mkewe, lakini nyuma yao palikuwa na foleni, na foleni ilikuwa inasukuma.

Bi. Zamoyoni alishika ukuta. Akavuta pumzi, ikaingia nusu. Akavuta tena, ikaingia robo. Kifua kikaanza kupiga filimbi, mabega yakawa yanapanda juu kama mtu anayejaribu kuchungulia ukuta mrefu. Macho yakamtoka. Mate yakamtiririka.

"Mtazameni mama," alisema abiria mmoja, karani mstaafu wa mahakama, aliyekuwa anajikohoza pembeni bila mafanikio. "Huyo ndiye anayeipenda nchi yake."

Abiria wakaacha kutapika wakapiga makofi. Nahodha Dihenga akaja mbio na utepe, akamvika Bi. Zamoyoni shingoni, mahali hasa ambapo hapakutakiwa kitu. Kondo akaung'oa.

"Ni pumu," alisema. "Dihenga, ni pumu hii. Naomba ngazi."

"Nahodha Dihenga," Nahodha alisahihisha. Kisha akamvuta pembeni, maana walijuana. Walikula ugali sahani moja siku nyingi chini ya meli ileile. "Kondo, ngazi ya kwenda wapi? Tuko katikati ya maji."

"Ya kwenda kwa Mwasiti. Hapo ng'ambo."

"Ng'ambo ipi?"

Kondo akatazama huku na huku. Watu walikuwa wanasikiliza. Maisha yake yote alikuwa amewazuia watu wasiseme neno hilo, na sasa lilikuwa limejaa mdomoni mwake. "Wewe unajua," alisema. "Unajua mimi nilikuwa nafanya nini."

"Najua vizuri. Ndiyo maana nakushangaa. Angekuwa mtu mwingine anasema haya ningemfunga kamba." Nahodha akafikiri, na uso wake ukawa na huruma ya kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. "Sikia. Kwa ajili yako, nitageuza meli."

"Utageuza?"

"Nageuza sasa hivi. Kitabu kinasema tumetoka nchi kavu siku moja na ushee, na kurudi kuna mkondo unaotupinga, kwa hiyo ni siku mbili. Ila wewe una medali. Nitakwenda kwa kasi yote. Siku moja na nusu."

"Hamalizi saa moja, Dihenga."

"Basi tusipoteze muda," alisema Nahodha, akaenda kushika usukani.

Honi ikalia mara tatu. Usukani ukazungushwa, ukazungushwa, mpaka jasho likamtoka Nahodha. Kule chini watumishi wa mawimbi walisikika wakiamriana kuhamisha mapipa, maana meli ikigeuka maji nayo lazima yatoke upande wa pili wa upepo. Abiria waliegemea kushoto kwa pamoja, kama walivyofundishwa kwenye kona. Baadhi walinung'unika: watu wamesubiri likizo hii maisha yao yote, halafu mtu mmoja na mke wake wanageuza meli.

Kondo hakusubiri siku moja na nusu. Alimbeba mkewe mgongoni mpaka penye ngazi. Pale walisimama mabaharia wawili wenye virungu, kazi yao kuwazuia papa. Papa walikuwa hawajapanda hata siku moja, ila abiria wawili watatu walishawahi kutaka kushuka.

"Rudi, mzee," alisema mmoja, kwa adabu. "Leo papa ni wengi."

"Mwanangu, hapo chini ni nyasi. Nimezifyeka mimi."

Yule mwingine alimpiga kirungu kimoja cha mguu, si kwa nguvu, cha kumwonyesha tu jino la papa lilivyo.

Akarudi chumbani akichechemea, akamlaza Bi. Zamoyoni kitandani, mito yote miwili nyuma ya mgongo. Midomo ilikuwa imeshaanza kuwa ya majivu. Akaenda dirishani.

Na pale, kati ya wimbi moja na jingine, aliiona dunia vizuri. Aliona barabara. Aliona muuza machungwa. Aliona mlango wa zahanati uko wazi, na Nesi Mwasiti amekaa kwenye kigoda anamenya chungwa, na nyuma yake, juu ya meza, mashine yenyewe, imefunikwa kitambaa cha maua. Kondo akapiga kioo kwa kiganja. Nesi Mwasiti akainua kichwa. Akaitazama meli. Kondo akapiga kwa ngumi, akaonyesha kitandani, akaonyesha kifua chake, akafungua mdomo akavuta hewa ili aelewe.

Nesi Mwasiti akainua mkono wenye kisu na chungwa, akapunga kwaheri, kama agizo lilivyosema. Akarudi kwenye chungwa lake.

Chini ya dirisha alisimama Pazi. Pazi alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini, mtiifu, aliyefundishwa na Kondo miaka sita mpaka akarithi viatu vyake vya mpira vya njano. Macho yao yakakutana. Kondo akapiga kioo kwa ngumi mbili. Pazi akatabasamu kidogo, akajinyoosha mgongo, akatupa ndoo ya kwanza, na ya pili. Kiganja kilikunjwa sawasawa. Maji yalifunguka kama khanga.

Kondo akapiga tena. Ndoo mbili. Akapiga kwa kiti. Kioo cha serikali hakikuvunjika, na yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri kiwekwe kioo cha aina ile. Ndoo mbili, na mbili, na mbili. Barabara ikapotea, muuza machungwa akapotea, mlango ukapotea. Kukabaki bahari. Ilikuwa bahari nzuri kuliko zote zilizowahi kumwagwa katika nchi ile.

Alipoacha kupiga, mikono ikivuja damu, maji yalirudi kwenye mwendo wake wa kawaida.

Bi. Zamoyoni alikuwa anatazama dirisha. Aliinua vidole kidogo juu ya khanga, kimoja baada ya kingine, taratibu. Kondo akainama ili asikie.

"Sasa," alisema, na neno lilichukua pumzi mbili, "anaishia saba."

Hakusema kingine. Ilikuwa saa tano kasorobo asubuhi, na kwa mujibu wa kitabu cha Nahodha nchi kavu ilikuwa bado mbali sana.

Sheria ilisema aliyefia baharini huzikwa baharini. Mchana uleule abiria walipangwa sitahani, wakavaa nyuso za huzuni. Ubao ukategwa, bendera ikatandikwa. Nahodha Dihenga alilia. Machozi yake yalikuwa ya kweli kabisa.

"Bahari," alisema, "imempenda mama huyu kupita sisi. Asubuhi alikuwa abiria bora wa siku. Mchana huu ni abiria bora wa milele."

Ubao ukainuliwa. Chini yake lori lilikuwa linangoja, injini imezimwa kwa heshima. Mtumishi wa mawimbi alitakiwa kumwaga pipa zima kwa mara moja, ili pasikike mlio wa maji, na mlio ukasikika, mzito, mahali pake. Kisha lori likawashwa, honi ikapigwa ndefu kulifunika.

Pipa lile Kondo alikuwa amelimwaga mwenyewe mara kumi na moja katika utumishi wake. Mara zote kumi na moja lori liliondoka nyuma ya mgongo wake. Hakuwahi kugeuka kuona linaelekea wapi. Sasa alisimama sitahani akajaribu kukisia kwa kusikiliza gia, linapinda kulia, linapinda kushoto, akalipoteza penye soko.

"Kwa kuwa sababu ya kugeuka haipo tena," alitangaza Nahodha, "tunarejea kwenye njia yetu." Usukani ukazungushwa upya. Karani wa mahakama alimpa Kondo mkono wa pole, kisha akamwambia, si kwa ubaya, kwamba wamepoteza nusu siku ya kisiwa.

Kisiwa hakikukatwa hata saa moja. Siku nane Mzee Kondo alikaa chini ya mnazi wa plastiki ndani ya banda la mabati, kichwani amevikwa shada, kwa sababu likizo ilikuwa yake na mfiwa hakusamehewa. Mpiga picha alimpa kuku wa kijani amshike. Alimwambia acheke. Picha ya kwanza ilikataliwa, na ya pili, na ya tatu. Ya nne ilipita, na mwaka uliofuata ikawekwa kwenye jalada la kitabu cha kuchagua meli, akionekana kila jino.

Siku ya kumi na nne meli ilitia nanga pale pale ilipong'olea. Bi. Stamili alikuwa penye ngazi na fomu, akimpa kila anayeshuka. Swali lilikuwa moja: Je, meli uliyochagua ilikuwa sahihi? Visanduku viwili: Ndiyo, na Ndiyo Sana.

"Mzee wangu, pole kwa mama," alisema Bi. Stamili. "Ila nilikwambia Mlezi ina daktari."

Kondo akatia alama. Aliyeiona fomu hiyo anasema alitia Ndiyo Sana, na kalamu ilitoboa karatasi.

Akashuka. Mguu ulikuwa bado unauma pale alipoumwa na papa. Akaanza kutembea moja kwa moja kuelekea zahanati, huku anahesabu kwa sauti ndogo. Hakuwa amefika thelathini aliposikia viatu vya mpira vinakuja mbio nyuma yake.

"Mzee. Mzee Kondo. Shikamoo mzee."

Alikuwa Pazi, amelowa mpaka kiunoni, uso umejaa haya kama mwanafunzi.

"Marahaba."

"Mama hayupo? Hukushuka naye."

"Amebaki baharini."

Pazi akaondoa kofia, kwa sababu alijua maana yake. Pipa alilimwaga yeye, bila kugeuka. "Poleni sana, mzee. Sikujua ni yeye." Akaikunjakunja kofia. Kulikuwa na jambo jingine lililomkaa moyoni siku zote kumi na mbili, na hakuweza kulizuia. "Mzee, ile siku ya pili. Nilikuona dirishani. Nikasema, mwalimu huyo, ananipima Kanuni ya Saba. Mtu aliyestaafu, yuko likizo, bado anapima. Nikamwaga mpaka bega likashtuka, mzee. Sijalala siku zote hizi nangoja ushuke uniambie."

Kondo alimtazama. Nyuma ya Pazi meli ilikuwa inapakia abiria wengine, watoto wa shule wanalia, na bendi inapiga. Ng'ambo ya barabara Nesi Mwasiti alikuwa ametoka mlangoni, anapunga mkono.

"Nilifaulu?" aliuliza Pazi.

"Ulifaulu," alisema Mzee Kondo.

Kisha akageuka nyuma, akarudi mpaka kwenye ngazi, akaanza kuhesabu hatua zake upya.